Mrithi wa Mashine Iliyonukia Maandazi

Nilitia mawese kwenye tangi la esansi. Nasema mapema ili tusisumbuane. Haikuwa bahati mbaya, haikuwa giza, na hakuna aliyenisukuma. Niliyapasha moto kidogo yawe mepesi, nikayachuja kwa kitambaa cha mama, nikayapima kwa kifuniko cha chupa kama mganga anayepima dawa ya kikohozi, nikayamimina. Nilijiona msomi.

Mashine ilikuwa ya baba, ile ya mnyororo ya kuangushia miti. Kwetu Rumonge tunaiita mashine tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Ina matangi mawili. Kubwa ni la esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta maalumu ya injini. Dogo ni la mafuta ya kulainisha mnyororo, na humo wenye mashine wa huku hawatii mafuta ya dukani. Wanatia mawese. Kwa nini wasitie? Mji mzima umelowa mawese: sufuria, bawaba za milango, vitabu vyangu vya shule. Baba amekuwa akiyatia kwenye mnyororo tangu sijazaliwa na mnyororo haujawahi kulalamika.

Ijumaa ile alipokwenda msikitini aliniachia kazi: safisha, jaza matangi, kesho tunakwenda Kizuka. Nikakuta kichupa cha mafuta ya kuchanganyia kikavu kama koo la mfungaji. Mtu mwenye akili angemsubiri baba. Mimi niko seksheni ya sayansi, nikakumbuka mwalimu wa kemia alivyosema kwamba mafuta huyeyuka ndani ya mafuta. Nikawaza, kama mawese yanalainisha nje, ndani yatashindwa na nini? Hii ndiyo hasara ya kusoma nusu ya somo.

Baba akarudi, bado amevaa kanzu, akataka kuijaribu kidogo kwenye gogo lililokuwa uani. Akavuta kamba, ikawaka. Nikasimama pembeni nimekunja mikono, kama mvumbuzi anayesubiri kupigwa picha. Baada ya dakika mbili ua ukaanza kunukia. Wallahi ilinukia maandazi. Jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama tuna sherehe na kwa nini hakualikwa. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Baba, inakaanga!"

Ndipo mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, ikanyamaza. Baba akavuta kamba. Kamba haikuja. Akaikanyaga mashine kwa mguu, akavuta kwa mikono miwili. Ilikuwa kama kuvuta ukuta wa benki.

Kama yangekuwa mambo ya baba peke yake, ningeomba radhi, ningechapwa kidogo, tungeendelea na maisha. Lakini aliyeisubiri mashine ile ni mama. Ana shamba la michikichi Kizuka, aliloachiwa na baba yake, na michikichi yenyewe imezeeka na kurefuka mpaka mkwezi wetu, mtu anayeweza kula muhogo huku ananing'inia kwa mkono mmoja, alikataa kabisa. "Mama, huko juu ni kwa malaika," alisema, akakunja kamba yake akaenda. Mikungu ikawa inaiva na kuozea juu, ndege wanashiba, mama anatazama kutoka chini. Akaamua kuiangusha yote ishirini na kupanda mipya. Miche aliilea mwenyewe nyuma ya nyumba kwa zaidi ya mwaka, kwenye vifuko vyeusi vya plastiki. Asubuhi ilipata maji kabla sisi hatujapata chai. Sasa mvua zilikuwa zimeshaanza, na mizizi ilikuwa imetoboa vifuko, inauma udongo wa uani. Mche ukifika hapo usipohamishwa unadumaa. Unabaki pambo. Na wenye mashine wengine tuliowajua walikuwa wameshachukuliwa mpaka mwisho wa mvua, maana huku kila mtu anapanda siku ileile kama walioambiana.

Mjomba, kaka yake mama, aliitwa kupima maiti. Mjomba ni fundi wa pikipiki, na kwa maoni yake mwenyewe ni fundi wa kila kitu kinachotoa moshi, majiko yakiwemo. Akaifungua, akatuonyesha pistoni iliyokwaruzwa kama uso wa mtu aliyepigana na paka.

"Dada, hii iko imekufa," akamwambia mama. "Na imekufa kifo cha aibu. Nani alitia mboga ndani?"

Nikaanza kueleza habari za kemia. Mama akaingia ndani kabla sijafika katikati. Tangu hapo, siku nane, hakunisemesha. Aliniwekea chakula bila kunitazama. Mimi ni mtu wa kelele, naishi kwa kugombezwa, na mama alijua hasa aninyime nini. Kila nikitoka nyuma ya nyumba naiona ile miche, majani ya chini yameanza kuwa manjano, nayo ilinitazama zaidi kuliko yeye.

Mwishowe mama akatoa akiba aliyoiweka kwa ajili ya bati za jiko. Jumamosi tukaenda dukani: baba, mjomba, mama, na mimi. Nilichukuliwa kama mbebaji. Hilo lilisemwa wazi mlangoni, ili nisijipe cheo.

Duka liko karibu na soko. Mwenyewe ni mzee wa Kiarabu ambaye babu zake waliuza chumvi na vitambaa palepale. Yeye anauza misumari, bati, nyavu na taa za wavuvi wa ndagala. Siku ile, juu ya kaunta, alikuwa amelaza mashine mbili kwenye shuka jeupe, kama maiti zinazosubiri kusaliwa. Moja nyekundu, moja ya buluu. Zote mbili za kazi ngumu, si zile za kupunguzia ua wa bwana mkubwa. Nguvu sawa, urefu wa mnyororo sawa, matangi sawa, bei karibu sawa. Nyekundu ilikuwa nyepesi kwa kama nusu kilo. Ya buluu ilikaa kwenye mipira mikubwa zaidi, kwa hiyo, mwenye duka alisema, haitetemeshi mkono sana. Vipuri vya zote mbili vinapatikana Bujumbura, na vya zote mbili havipatikani Rumonge.

Kwa hiyo swali lilikuwa dogo. Nipe watu wazima watatu na swali dogo, nami nitakuonyesha asubuhi nzima inavyoweza kupotea.

"Shemeji, chukua nyekundu," mjomba akaanza, hata hajaigusa. "Tazama mabega yake."

Mabega! Mashine ina mabega. Baba akaitazama kwa makini, akitafuta mabega.

"Mzee, wewe unasemaje?" baba akamwuliza mwenye duka.

"Bwana, mimi siwezi kukudanganya. Hii ni nzuri. Na ile ni nzuri sana."

"Kwa hiyo ile inaizidi hii?" mama akauliza.

"Hapana mama. Hii pia ni nzuri sana."

Mama akaenda kukaa juu ya ndoo ya rangi karibu na mlango. Baba akabeba mashine moja kila mkono, akawa anazipandisha na kuzishusha kama mtu mwenye mapacha anayetaka kujua yupi ameshanyonya. Mjomba akainama akanusa bomba la moshi la nyekundu, mashine ambayo haijawahi kutoa moshi tangu izaliwe, akafumba macho, akasema, "Eeh." Akanusa ya buluu, akasema, "Eeh," kwa sauti nyingine. Sijui alijifunza wapi. Nadhani alimwona mtu akichagua tikiti maji.

Kisha akataka kusikia sauti zake. Mwenye duka akakataa: hakuna esansi hata ya kuwashia kiberiti, na mashine mpya ikishanguruma inakuwa mashine kuukuu. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Mjomba akaamua kuziigiza kwa mdomo.

"Nyekundu inafanya hivi: ru-ru-ruuu. Kiume. Ya buluu: vi-vi-viii. Umesikia tofauti?"

Baba akatikisa kichwa kukubali. Baba yangu mzazi, mwenye ndevu, mtu ambaye watu husimama akiingia, alisikia tofauti.

"Mjomba, rudia ya buluu," nikasema, "kama imeshika homa."

"Wewe, wa mawese, nyamaza."

Hilo ndilo lilikuwa jina langu jipya. Hata mwenye duka alilicheka, kumbe habari ilishafika sokoni.

Nilikuwa na neno la kusema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu neno lenyewe lilikuwa la maana, ndiyo sababu hakuna aliyetaka kulisikia. Mchikichi si mti kama mwembe au mkaratusi. Ndani yake ni nyuzi na maji. Ukiukata hautoi unga wa mbao, unatapika nyuzi laini zilizolowa, na nyuzi hizo huingia kila tundu, hasa kwenye chujio la hewa chini ya kile kifuniko cha juu. Baada ya michikichi miwili mashine inaanza kukohoa. Mtu anafungua kifuniko, anatoa chujio, anapangusa, anapuliza, anafunga. Mtu huyo ni mimi. Baba anajua kukata. Mjomba anajua injini zilizokwisha kufa. Lakini kifuniko hicho nimekifungua mara nyingi kuliko daftari langu la historia, na mashine zile mbili zilifungwa tofauti. Ya buluu ilikuwa na vibanio vitatu vya kubonyeza kwa kidole. Nyekundu ilikuwa na skrubu mbili ndogo na ufunguo wake maalumu.

"Baba," nikasema, "fungueni pale juu kwanza."

"Umeshafungua vya kutosha," baba akajibu, bila hata kugeuka.

Wakarudi kwenye mabega.

Adhana ya adhuhuri ikawakuta hapohapo. Mwenye duka akamwomba mama amtazamie duka kidogo, wanaume wakaondoka pamoja kuelekea msikitini, njiani mjomba bado ananguruma kwa mdomo. Mimi nikasema nitawafuata. Sikuwafuata. Hilo ni kati yangu na Mwenyezi Mungu, nami nimeshalitaja kwake mara kadhaa.

Mbele ya duka kuna gogo la mchikichi lililolazwa juu ya mfereji ili watu wavuke. Lilikuwa limelala pale miaka, mvua imelilainisha, ukilikwaruza kwa kucha linatoka nyuzi. Nikachuma konzi mbili nzito. Nikarudi ndani, nikaifungua ya buluu kwa vidole, nikaijaza chini ya kifuniko, nikafunga. Nikatoa ufunguo kwenye sanduku la nyekundu, nikafungua skrubu ya kwanza, ya pili.

"Unafanya nini?"

Mama. Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu baada ya siku nane, nikakaribia kuangusha skrubu.

"Ninazichafua."

"Kwa nini?"

"Ili wazisafishe."

Akainuka kwenye ndoo, akaja mpaka kaunta. Akatazama nyuzi mkononi mwangu, akaitazama ya buluu, akatazama njia ya msikitini. Nilijua kofi linakuja, nikajiandaa kwa shavu la kushoto, ambalo ndilo huwa analipenda.

"Tia sawa kwa sawa," akasema. "Usionee hata moja."

Akarudi kukaa.

Waliporejea, nyuso zao safi na tulivu kama watu waliosamehewa, mimi nilikuwa nimesimama kama karani.

"Mjomba, karibu. Baba, karibu. Hizi mashine zimetoka kukata michikichi miwili. Zinakohoa. Zisafisheni."

Mwenye duka akainua kifuniko cha ile ya buluu, akaona, akashika kichwa.

"Astaghfirullah! Huyu mutoto iko na wazimu? Mashine mpya!"

Baba alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Sio kwa ajili ya kupumzisha mguu.

"Mzee, ni mimi nimemutuma," mama akasema kutoka mlangoni.

Alisema bila kupepesa, mtu aliyetawadha, mwenye tasbihi mkononi. Sijawahi kumheshimu mama kama dakika ile. Baba akabaki na kiatu hewani, hajui sasa ampige nani.

"Hatutaharibu kitu," mama akaendelea. "Baba yake asafishe moja, kaka yangu asafishe moja. Inayowashinda, itabaki dukani kwako. Nyingine tunaichukua leo."

Mwenye duka alisikia neno leo, hasira ikapungua.

Mjomba akaichukua nyekundu, bila shaka. Baba akavaa kiatu, akabonyeza vibanio vya ile ya buluu, kimoja, viwili, vitatu. Akatoa chujio, akaling'uta, akalipuliza, akapangusa humo ndani kwa pindo la kanzu yake, jambo ambalo mama alilitazama kwa makini lakini akalisamehe, akafunga. Alikuwa amemaliza mjomba akiwa bado anageuza ufunguo kutafuta upande wake.

"Ya kwanza hiyo," mjomba akasema, akaiweka skrubu kati ya midomo kama fundi kweli. "Kazi nzuri haina haraka."

Skrubu ya pili ikaruka. Ikagonga kaunta, ikagonga sakafu, ikaenda zake chini ya mifuko ya misumari.

Sasa tazama. Wanaume watatu, mmoja ametoka kusali safu ya mbele msikitini, wamepiga magoti na kuinua matako, wanaisaka skrubu yenye ukubwa wa punje ya mchele kwenye duka lenye misumari laki moja. Mwenye duka amewasha taa ya simu. Mjomba anaongea na skrubu nyingine ingali mdomoni. Mama mmoja muuza ndagala aliyekuwa anapita na beseni lake kichwani akasimama mlangoni.

"Nani amepoteza pete?"

"Mjomba wangu," nikamjibu, "anachumbia mashine."

Ikapatikana hatimaye, si chini ya mifuko, bali kwenye mkunjo wa suruali ya mjomba. Alikuwa ameitafuta robo saa nzima akiwa ameivaa.

"Huu ni mkosi tu," akasema, akijipangusa magoti. "Hata mimi, shemeji, kule gereji siwezi kuangusha skrubu."

"Kizuka iko majani mpaka hapa," mama akasema, akionyesha goti.

Baba akainyanyua ya buluu tena. Nikamwona anaupima uzito, akilisogeza lile bega lake la kulia ambalo humsumbua asubuhi za baridi. Nusu kilo si kitu ukiibeba dukani. Ukiibeba kutwa nzima, imenyooshwa mbele, ni jambo lingine. Hapo hata mimi sikuwa na mzaha.

"Nusu kilo nitaibeba," akasema. "Skrubu siwezi."

Mjomba akafungua mdomo aseme habari za mabega, akatazama magoti yake, akarudi kuifunga nyekundu.

Njia nzima ya kurudi niliibeba ile ya buluu begani kama askari anayerudi vitani, nikiwasalimia watu ambao hata siwajui. Nilimweleza baba kwamba sayansi ina majaribio mawili: la kwanza linafeli, la pili linafaulu. Baba akaniambia nikiendelea kusema ataniuza mimi, anunue na nyekundu. Mama alikuwa mbele yetu, hatua za haraka, na nilikuwa na hakika anatabasamu. Sikuiona sura yake, lakini mtu aliyefaulu huona anachotaka.

Jumapili alfajiri tukawa Kizuka. Mjomba alipeleka miche kwa pikipiki, safari tatu, akilalamika zote. Baba alichanganya esansi mwenyewe, kwa mafuta yake maalumu, na nilipokaribia kutazama alichora mstari chini kwa kisigino akaniambia nisiuvuke. Kisha akavuta kamba. Nawahakikishia haikusema vi-vi-viii wala ru-ru-ruuu. Ilinguruma kama mashine.

Mchikichi wa kwanza ulisimama kwa muda baada ya kukatwa, kama mzee anayefikiri kama ainuke au asiinuke, halafu ukaja wote, na ardhi ikaruka chini ya nyayo zetu. Mikungu iliyooza ikapasuka huku na huko, ndege wakatutukana. Mama hakupiga kigelegele. Alikwenda akapima kwa hatua kutoka kwenye kisiki, akachomeka kijiti, akaanza kuchimba shimo. Wa pili ukaanguka. Katikati ya wa tatu mashine ikakohoa.

Baba akaizima, akaninyooshea. Vidole, vibanio vitatu, chujio nje, nikang'uta, nikapuliza, nikapangusa, nikafunga. Haikuchukua muda wa mtu kunywa maji. Akaichukua, akavuta kamba, akaendelea na mti wake.

Nikageuka. Mama alikuwa ameona yote, amesimama kwenye shimo lake mpaka kwenye mashavu ya miguu, jembe mkononi, na nyuma yake ile miche ya manjano imepangwa kwenye vifuko vyake vilivyochanika. Nikatoa kifua mbele. Nikamsubiri aseme. Akanitazama juu mpaka chini, akasema:

"Usiniangaliye hivyo. Umeua moja, umechagua moja. Bado hujanipa kitu. Leta muche."